Buibui Mdogo katika Bustani ya Mjane



Yuko kiumbe mmoja akaaye pamoja na watu katika kila nyumba, wala hapigi hodi, wala haombi chakula. Hukaa penye boriti za paa, nyuma ya mtungi, na katika majani ya lengalenga yaliyopandwa nyuma ya jiko. Watoto humkanyaga, wanawake humwondoa kwa ufagio, na wanaume humpita bila kumtazama. Huyo ndiye buibui.

Somo la leo lamhusu yeye; lakini zaidi lahusu jicho la yule amtazamaye. Kwani mtu aliyeona nusu ya jambo, akasema kana kwamba ameliona lote, aweza kumwua mwenziwe kwa ulimi kabla ya mkono wo wote kuinuliwa. Basi sikilizeni habari hii, kisha kila mmoja ajipime nafsi yake.

1. Neno lililoanza kisimani

Katika kijiji kimoja cha milimani, upande wa Kivu, alikuwako mjane mzee. Mume wake alikuwa amekufa zamani, na watoto wake walikuwa wametawanyika mbali. Alikuwa na nyumba ndogo, na nyuma ya nyumba bustani ya lengalenga, matembele na mihogo michache. Yeye pia alikuwa mkatekumeni, lakini kichwa chake kilikuwa kizito. Kila alipoulizwa swali la katekismu alianza jibu vizuri, kisha maneno yakampotea, naye akanyamaza na kutazama mikono yake. Vijana walimcheka kichinichini.

Katika darasa lile lile alikuwako kijana mmoja hodari. Alijua majibu yote, wala hakukosa hata siku moja. Alikuwa na simu nzuri, na mbele ya kijicho cha simu aliweza kubana kioo kidogo cha kukuza, kwa maana alipenda kupiga picha za maua na za wadudu. Padri alikwisha kumwandika miongoni mwa wale watakaobatizwa usiku wa Pasaka.

Majira ya mvua yalipofika, mtoto wa jirani alishikwa na homa kali. Alitetemeka, akatoa jasho, akatulia, kisha homa ikarudi. Baba yake hakumpeleka kwenye kituo cha afya siku ya kwanza, wala ya pili. Alisema kwanza lazima ajulikane aliyemroga. Ndipo kisimani mtu mmoja akasema, «Bustani ya yule mama mzee imejaa buibui. Tena hawaui kamwe.» Mwingine akaongeza, «Labda huwafuga.» Naye kijana hodari, aliyekuwa amesimama hapo na dumu lake la maji, akasema kwa mzaha, «Bila shaka usiku huwatuma.»

Lilikuwa neno moja la mzaha. Lakini lilipofika jioni katika baraza la wanaume, halikuwa mzaha tena. Lilikuwa ushuhuda. Watu wakasema, «Hata mkatekumeni yule mwenye akili amelisema.» Wakamwita, wakamwambia, «Wewe una simu yenye kioo. Nenda kapige picha za wadudu wale, utuletee, nasi tutajua la kufanya.»

Kila mtu katika nchi ile anajua maana ya maneno hayo, «tutajua la kufanya». Wako mama wazee waliofukuzwa katika nyumba zao kwa maneno ya namna hiyo. Wako na waliouawa. Kijana naye alijua. Lakini aliona aibu kusema kwamba alikuwa akicheka tu. Akakubali.

2. Kazi ya kupiga magoti

Asubuhi na mapema, kabla ya jua kuwa kali, kijana aliingia bustanini. Alichagua saa hiyo kwa ujuzi, maana buibui akiwa bado na baridi ya usiku huenda polepole, bali jua likimpata huruka huku na huko. Juu ya jani la lengalenga alimwona mmoja, mdogo kama punje ya mchele, rangi ya majivu na udongo. Hakuwa wa wale wafumao utando na kungoja katikati yake. Alikuwa buibui mrukaji, awindaye kwa macho na kwa miguu.

Kumpiga picha kiumbe mdogo namna hii si kazi ya haraka. Wenye ujuzi huiita picha ya makro. Kwa kamera kubwa maana yake ni kwamba sura inayoanguka juu ya filamu, au juu ya kile kibati kipokeacho nuru ndani ya kamera, ina ukubwa ule ule wa kiumbe mwenyewe. Simu yenye kioo kidogo haifikii kipimo hicho, lakini yakaribia vya kutosha kuonyesha yale yasiyoonekana kwa jicho tupu.

Shida yake ni hii: kadiri kioo kinavyomkaribia kiumbe, ndivyo sehemu inayoonekana wazi inavyopungua unene. Hufika kuwa nyembamba kama kipande cha karatasi. Macho ya buibui yakiwa wazi, miguu yake ya nyuma imo katika ukungu. Miguu ikiwa wazi, macho yamepotea. Mpigapicha akivuta pumzi, simu yasogea, na yote yamepotea. Upepo ukigusa jani, yote yamepotea. Tena akija karibu mno, kivuli chake mwenyewe chamfunika kiumbe, naye haoni kitu ila giza alilolileta yeye.

Kijana alijaribu akisimama, akashindwa. Akajaribu akiinama, akashindwa. Mwishowe akapiga magoti katika tope, akaegemeza viwiko juu ya jiwe, akazuia pumzi. Hata hivyo picha zilitoka nyeusi.

Wakati huo mlango wa nyumba ukafunguka, na yule mjane akatoka. Kijana alitaka kuondoka, lakini magoti yake yalikuwa yamekwama matopeni. Mama mzee akamtazama, akaitazama simu. Akarudi ndani. Kijana alidhani amekwenda kuchukua fimbo. Lakini alirudi na gunia kuukuu na sahani nyeupe ya bati. Gunia akalitandika chini, akasema, «Weka magoti yako hapa, mwanangu. Tope lina baridi.» Kisha akaiinua sahani upande wa jua, akaigeuza polepole, hata nuru ya asubuhi ikagonga juu yake na kumwangukia buibui.

Kijana akasema kwa sauti ndogo, «Koko, unajua nimekuja kufanya nini?»

Akajibu, «Najua. Kisima kina masikio mengi. Basi tazama vizuri, ili utakaposema, useme uliyoyaona.»

3. Mambo yaliyoonekana

Kwa nuru ya sahani ile picha ikatoka. Kijana akaikuza kwa vidole viwili, akakaa kimya muda mrefu.

Kwanza aliona macho. Hayakuwa mawili, yalikuwa manane: manne mbele usoni, na manne mengine juu ya kichwa na ubavuni, hata kiumbe yule aweza kuona mbele, kando na nyuma. Mawili ya katikati yalikuwa makubwa, meusi, yenye kung'aa kama matone ya maji usiku. Wataalamu wametambua kwamba nyuma ya macho hayo mawili kuna mirija miwili mirefu, na mwisho wa kila mrija uko utando upokeao nuru. Misuli midogo huigeuza mirija hiyo. Hivyo buibui mrukaji aweza kugeuza mtazamo wake bila kugeuza kichwa.

Kisha aliona miguu minane. Kwa lugha ya nyumbani buibui huitwa mdudu. Lakini wataalamu wamemweka mbali na wadudu wenyewe, kwa kuwa hao wana miguu sita na mwili wa sehemu tatu, naye ana miguu minane na mwili wa sehemu mbili. Miguu ile hainyoshwi kwa misuli peke yake kama mguu wa mtu. Buibui husukuma maji ya mwili wake kwa nguvu hata miguuni, nayo hunyoka ghafula, na hivyo huruka mara nyingi kupita urefu wa mwili wake. Tena kabla ya kuruka hubandika uzi mahali aliposimama, ili akikosa asipotee. Uzi huo hutoka ukiwa majimaji, nao hugeuka uzi unapovutwa. Na uzi wa buibui wengine, ukipimwa kwa uzito sawa, hushinda chuma cha pua kwa nguvu.

Aina za buibui zilizokwisha kupewa majina na wataalamu duniani zapita 50,000, na katika hizo wale warukaji peke yao ni zaidi ya 6,000. Karibu wote wana sumu kidogo ya kuulia windo lao, lakini ni wachache sana wawezao kumdhuru mtu. Mwenye busara hawashiki mikononi, wala hawaogopi kama simba.

Mwisho kijana aliona kile kilichokuwa kinywani mwa buibui. Kwa jicho tupu kilikuwa kama uchafu mdogo. Katika picha kilikuwa mbu. Miguu yake myembamba ilining'inia, na tumbo lake lilikuwa limevimba, jekundu. Ile ilikuwa damu. Mbu yule alikuwa amekula usiku katika moja ya nyumba zile, naye sasa alikuwa ameliwa.

Kijana hakujua bado kwamba kandokando ya ziwa Victoria, katika Kenya na Uganda, yuko buibui mrukaji mwingine apendaye mbu walioshiba damu kuliko windo lingine lo lote. Wataalamu walimpa jina mwaka 2003. Nalo jina lake la Kilatini, Evarcha culicivora, lamtaja kuwa mla mbu. Wala buibui wa bustani ya mjane hakuwa lazima ndugu yake huyo, kwa kuwa buibui warukaji wengi hula mbu na inzi wanapowapata. Lakini jambo moja alilijua, kwa maana alilisoma shuleni: homa ile ya kutetemeka huletwa na mbu. Mganga Mwingereza Ronald Ross alivumbua huko Uhindi mwaka 1897 kwamba wadudu wadogo sana wa homa ya malaria hukua ndani ya mbu. Tangu hapo mtu aliyesoma hana udhuru.

Mama mzee akauliza, «Umeona?» Kijana akajibu, «Nimeona.» Akasema tena, «Mimi siwaui, kwa maana marehemu mume wangu alinifundisha kwamba hula wadudu wa mboga. Ni hilo tu.»

4. Picha haisemi peke yake

Jioni kijana akaenda barazani. Alidhani kazi itakuwa nyepesi: ataonyesha picha, na watu wataelewa. Lakini haikuwa hivyo. Simu ilipopita mkono kwa mkono, mmoja akasema, «Tazameni macho haya! Mnyama wa kawaida ana macho manane?» Mwingine akasema, «Tazameni nywele zake, na damu ile. Ni damu ya mtoto wetu.» Picha ile ile iliyomfundisha kijana ukweli, iliwapa wenzake nguvu ya uwongo, kwa sababu wao hawakutafuta kujua, walitafuta kushinda.

Hapo kijana alikuwa na njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa kunyamaza. Picha alikwisha kuileta, na lawama haitamfikia. Njia ya pili ilikuwa nyembamba zaidi. Akasimama, magoti yake yakiwa bado na tope, akasema:

«Wazee, neno la kwamba mama yule huwatuma buibui usiku, nililisema mimi. Sikuona kitu. Nilisema ili watu wacheke. Nalirudisha mbele yenu. Buibui huyu anakula mbu, na mbu ndiye aliyemletea mtoto homa. Kama tukikaa hapa tukimtafuta mchawi, mtoto atakufa mikononi mwetu.»

Wengine walimkemea. Wengine walicheka, wakasema kwamba mjane amekwisha kumroga na yeye. Lakini mama wa mtoto, aliyekuwa akisikiliza nje penye giza, hakungoja mwisho wa baraza. Alimfunga mtoto mgongoni akaondoka, na kijana akatangulia mbele yake na tochi ya simu, hata kituo cha afya. Mganga alichoma kidole cha mtoto, akapima damu, akakuta malaria. Akampa dawa. Baada ya siku chache mtoto aliomba ugali.

Mjane akaachwa akae katika nyumba yake. Hata hivyo wako ambao hawamsalimu mpaka leo. Neno baya hutoka kinywani mara moja, lakini kulirudisha ni kama kuokota mtama uliomwagika katika majani: nyingine hupatikana, nyingine zabaki.

5. Mafundisho

Enyi wakatekumeni, fikirini mambo matatu.

La kwanza. Kila kiumbe cha Mungu ni kikubwa kuliko jicho la haraka linavyosema. Kama Muumba ametia hekima nyingi namna hii katika mwili ulio sawa na punje ya mchele, je, ametia nini katika mtu aliyemwumba kwa mfano wake? Kijana alistaajabia macho ya buibui. Lakini miaka miwili alikuwa ameketi karibu na mjane yule, asimwone hata siku moja. Aliona tu majibu aliyoyakosa. Hata Natanaeli, mtu asiye na hila, alidhani kwamba katika mji mdogo wa Nazareti hakuwezi kutoka jema; mpaka alipokwenda mwenyewe akaona.

Kanisa halikatazi kuvitazama viumbe kwa bidii, bali lasifu kazi hiyo. Mtakatifu Alberto Mkuu, askofu na mwalimu wa Kanisa, aliyekufa huko Cologne mwaka 1280, aliandika kitabu kikubwa juu ya wanyama; na mwaka 1941 Papa Pio XII alimweka awe msimamizi wa wote wachunguzao elimu ya viumbe. Tena Wakristu wa kale walisimulia habari ya Mtakatifu Feliksi wa Nola, kwamba alipofukuzwa na askari alijificha penye ufa wa ukuta, naye buibui akautanda utando wake mbele yake, hata askari wakapita wakisema hapana mtu. Masimulizi hayo yalipendwa kwa sababu yaonyesha kwamba Mungu aweza kumlinda mnyonge kwa kitu kinyonge.

La pili. Kuona kweli kuna masharti, nayo ni yale yale ya mpigapicha. Lazima kukaribia, maana asimamaye mbali husimulia ya wengine. Lazima kushuka na kupiga magoti; maana mwenye kiburi haoni ila utosi wa vitu. Lazima kutulia na kuzuia pumzi, maana yake kuuzuia ulimi. Lazima kujiondoa katika nuru, ili kivuli chako kisimfunike unayemtazama. Tena ni lazima kukubali msaada wa nuru, hata ikitoka katika mkono wa yule uliyemdharau. Mtu asidhani kwamba sala ni kitu kingine kabisa: yeye aombaye vizuri hufanya mambo hayo hayo.

La tatu, nalo ndilo zito. Amri ya nane yakataza kumshuhudia mwenzi uwongo, na amri ya tano yakataza kuua. Katika vijiji vyetu amri hizo mbili hukaa nyumba moja. Asemaye, «Fulani ni mchawi», amekwisha kuliinua jiwe, hata kama mwingine ndiye atakayelitupa. Wala haitoshi kulia kwa Mungu kwa siri. Aliyeiba kuku huirudisha kuku. Naye aliyeiba sifa njema ya mwenziwe hana budi kuirudisha, tena mahali pale pale alipoiiba, mbele ya watu wale wale. Hilo ni gumu kuliko kukariri majibu yote ya katekismu.

Kitabu cha Ayubu chafananisha tumaini la mtu amsahauye Mungu na nyumba ya buibui, ambayo yeye aiegemeaye huanguka. Ndivyo ulivyo uvumi: hufumwa usiku kwa nyuzi nyingi nyembamba, nao waonekana kuwa nyumba. Asiuegemee mtu.

Msidhani pia kwamba buibui peke yake ataiondoa homa katika kijiji. Lazima mtoto alale chini ya chandarua. Lazima maji yaliyotuama yamwagwe. Na mwenye homa apelekwe kwa mganga siku ile ile. Mungu ametoa buibui, tena ametoa akili na dawa. Mwenye kudharau moja la hayo hamheshimu Mtoaji.

Usiku wa Pasaka kijana yule alibatizwa. Mjane naye alikuwa ameandikwa. Alipoulizwa, alianza jibu vizuri, kisha maneno yakampotea kama desturi yake. Kijana aliyekuwa nyuma yake hakucheka. Alimnong'oneza neno moja, mama mzee akalishika, akamaliza jibu lake mwenyewe, maji yakamwangukia kichwani.

Maswali ya kujibu nyumbani

1. Kwa nini mpigapicha wa kwanza hakuona kitu aliposimama?
2. Kijana alikosa nini kisimani, na kwa nini hakutosheka kuonyesha picha tu?
3. Yuko nani katika kijiji chako ambaye watu husema habari zake bila kumkaribia? Juma hili umekwenda kumsalimu?
4. Katika nyumba yenu, mtoto akishikwa na homa usiku, nani atampeleka kwenye kituo cha afya kunapokucha?